Pampu ya insulini na ngozi: inawasha, imevimba, inatoa usaha, unafanyaje?

Hii nawaandikia wazazi wenzangu wenye watoto wa kisukari aina ya kwanza wanaotumia pampu, na watu wazima pia wanaoivaa wenyewe, maana huku kwetu pampu bado ni chache sana na unaweza kukuta hata nesi wa kliniki hajawahi kuishika, kwahiyo ngozi ikianza kuleta shida unabaki unaulizana na watu kwenye simu, huyu anakwambia paka hiki, yule anakwambia puliza kile. Mimi ni mama, mwanangu anavaa pampu ya mrija hapa Dar (kifaa kinachompa insulini muda wote kupitia mrija mwembamba), na ninachokisimamia ni kimoja tu, usipake dawa yoyote kabla hujajua una tatizo gani. Muwasho wa gundi, jipu, fangasi na bonge la mafuta la kuchoma insulini palepale ni vitu vinne tofauti kabisa, na dawa ya kimoja inaweza kukuharibia kingine.

Kabla hujashika ngozi, pima sukari

Najua ukiona pamevimba moyo unakimbilia kwenye uvimbe. Subiri kwanza. Pampu inatumia insulini ya haraka peke yake, mwilini hakuna ile insulini ya muda mrefu ambayo mtu wa sindano anakuwa nayo kama akiba, kwahiyo sehemu ikivimba na insulini ikawa haiingii vizuri, ndani ya saa chache tu ketoni (asidi zinazotokea mwili ukikosa insulini na kuanza kuunguza mafuta) zinaanza kupanda. Sehemu ikiuma au ikivimba pima sukari hapohapo. Ikiwa zaidi ya 14 mmol/L (kwa mashine zinazosoma mg/dL ni kama 250) pima na ketoni.

Ketoni za damu zikiwa 0.6 mmol/L au zaidi usirekebishe kwa kupitia pampu ileile, choma dozi ya kurekebisha kwa peni ya insulini au kwa bomba la sindano, kwa kipimo mlichopangiwa na daktari, alafu ndo utoe ile seti (plasta, mrija, na kanula, yaani kijimrija chembamba kinachoingia chini ya ngozi) na uweke mpya sehemu nyingine. Sababu ni kwamba pampu yenyewe haijui insulini imefika au haijafika, itakuandikia dozi imeingia wakati yote imevujia chini ya plasta. Ketoni zikifika 1.5 mpigie daktari wako wakati huohuo, zikifika 3 ni hospitali. Na mtoto akiwa anatapika, anahema kwa nguvu na kwa haraka, tumbo linamuuma, amelegea, usisubiri namba yoyote, nenda. Kama huna mashine ya ketoni za damu tumia vijiti vya mkojo, ila ujue vinachelewa, vinakuonyesha hali ya saa kadhaa nyuma.

Na kinyume chake pia kipo. Sukari inapanda tu bila sababu, chakula kilekile, dozi ileile, na kwa juu ngozi haina kitu. Hapo bonyeza taratibu kuzunguka plasta, sikia kama kuna joto, kama kuna sehemu ngumu, kama mtoto anashtuka. Mara nyingi sukari inaanza kusema kabla ngozi haijaonyesha.

Inawasha, ila haiumi

Hili ndo tatizo la wengi, na hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo watu wanapotea. Muwasho chini ya plasta una vyanzo karibu vitatu, na njia ya kuvitofautisha ni kuangalia umbo la upele na muda wake.

Kama vipele ni vidogovidogo vimetapakaa, vimeanza siku ya joto kali au baada ya mtoto kucheza, na plasta ikitoka vinapungua ndani ya siku moja mbili, hiyo ni harara tu, jasho limefungiwa ndani. Dar na Mombasa na Zanzibar miezi ya Desemba mpaka Machi hakuna namna ya kuikwepa kabisa, ila kuna kuipunguza. Usiweke seti mara tu baada ya kuoga maji ya moto au mtoto akiwa bado anatoka jasho, mwache apoe, ngozi ikauke yenyewe. Usibandike plasta kubwa juu ya plasta ukidhani ndo ulinzi, kadri unavyofunika eneo kubwa ndo unavyozuia ngozi kupumua. Na mafuta ya mwili ya mgando usiyapake eneo hilo siku ya kubadilisha, gundi haishiki, plasta inachezacheza, na ule mchezo wenyewe unakwaruza ngozi.

Kama kila kipele kina unywele katikati, na ulinyoa pale siku hiyohiyo, hayo ni mashina ya nywele yamekasirika, na mengine yanakuja kuwa vijipu. Wanaume wenye nywele nyingi tumboni, nyoeni siku moja kabla, au zikateni fupi kwa mkasi au mashine badala ya wembe.

Ya tatu ni mzio wa gundi wenyewe, na huu una alama zake. Upele unachora umbo la plasta kabisa, ukitoa plasta unaona duara au pembe zake zimebaki kwenye ngozi. Unawasha sana, unaweza kutoa majimaji, na hauishi haraka, unaendelea siku kadhaa mpaka wiki hata baada ya plasta kutoka. Alafu kila ukirudia unakuja mapema zaidi na unakuwa mkali zaidi. Mtu anakwambia "mbona nimetumia hii plasta mwaka mzima bila shida", ndivyo ulivyo mzio wa namna hii, mwili unajifunza kuitambua kwanza kimyakimya alafu siku moja unaikataa, na ukishaikataa huwa haurudi nyuma.

Kitu kimojawapo kinachofahamika sana kwenye mambo haya kinaitwa isobonili akrileti, ni kemikali ya kuunganishia plastiki na gundi. Mwaka 2017 madaktari wa ngozi wa Ulaya waliandika juu yake kwa watu waliopata upele kutoka kwenye sensa ya FreeStyle Libre (kifaa cha kubandika kinachopima sukari), baadaye ikaonekana na kwenye vifaa vingine vya kisukari ikiwemo pampu ya kubandika ya Omnipod, na mwaka 2020 chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kikaitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Nalisema hili kwa sababu ya jambo moja la kutumia nyumbani. Hiyo kemikali inaweza kuwa inatoka kwenye plastiki ya kifaa chenyewe na kupenya gundi mpaka kwenye ngozi, kwahiyo kubadilisha plasta ya juu hakusaidii kitu, na kama mtoto anavaa pampu na sensa inabidi ujue ni kipi kati ya viwili kinachomletea.

Namna ya kujaribu nyumbani ni hivi. Chukua plasta ya ile seti peke yake, bila kanula, ibandike sehemu safi ambayo haijawahi kutumika, mgongoni kwa juu au mkononi, iache siku mbili mpaka tatu. Ikitoka safi bila upele, basi gundi huenda si mkosaji, tafuta kwenye jasho, spiriti, kanula au plastiki ya kifaa chenyewe. Ikitoka na duara linalowasha unakuwa na kitu cha kumwonyesha daktari wa ngozi, na yeye ndo anaweza kufanya kipimo kamili cha mgongoni akajua kemikali gani.

Wakati unasubiri, zipo njia za kuweka kizuizi kati ya gundi na ngozi. Nyepesi kabisa ni ile filamu ya kupaka au kupuliza, kama Cavilon isiyochoma, unapaka, unaacha ikauke kabisa, unabandika. Inasaidia muwasho wa kawaida, kwa mzio wa kweli mara nyingi haitoshi. Kizito zaidi ni plasta ya haidrokoloidi, zile nene za vidonda kama DuoDERM au Compeed, unaiweka chini alafu seti inakaa juu yake. Hapa sikiliza vizuri, kanula ikipita kwenye plasta nene kina chake ndani ya mwili kinapungua, na kwa mtoto anayetumia kanula ya milimita 6 hiyo tofauti ndogo inaweza kuifanya ikae juujuu na insulini ivuje. Wengi tunakata tundu dogo katikati ili kanula iingie kwenye ngozi moja kwa moja, na kwenye lile tundu hatupaki filamu wala kitu chochote, ngozi ya pale inabaki imesafishwa tu.

Kuna na watu wanapuliza dawa ya pua ya fluticasone kwenye ngozi kabla ya kubandika. Si uzushi, madaktari wa kisukari wengine wanaishauri kabisa na kwa baadhi ya watu inatuliza. Lakini hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ukiiweka kila baada ya siku tatu kwenye eneo lilelile ngozi inaweza kuwa nyembamba, na kama tayari kuna maambukizi inayaficha wakati yanaendelea chini kwa chini. Muulize daktari kwanza. Skin Tac nayo watu wanaichanganya, hiyo kazi yake kubwa ni kufanya plasta ishike zaidi, ina alkoholi, ukiiweka kwenye ngozi iliyochubuka mtoto atalia.

Ngozi imechunika au ina malengelenge pembeni ya plasta

Kwanza angalia unavyotoa. Plasta haivutwi kwenda juu kwa nguvu. Unalowesha kingo kwa mafuta, mafuta ya nazi yanafanya kazi nzuri tu, ya mtoto pia, unasubiri dakika chache, unaikunja plasta na kuirudisha chini sambamba na ngozi huku mkono wa pili unaishikilia ngozi. Ukimaliza osha kwa sabuni na maji mpaka utelezi uishe, la sivyo seti ijayo ikija eneo la karibu haitakaa.

Pili angalia unavyobandika. Ukiivuta plasta ikanyooka kabla ya kuibandika, inataka kurudi ilivyokuwa, inaikokota ngozi siku nzima, na lengelenge linatokea kwenye kingo. Ibandike ikiwa imelegea kisha uisugue kutoka katikati kwenda nje. Lengelenge usilipasue, funika kwa chachi safi na usirudi pale mpaka ngozi ipone kabisa.

Kuna kidoti chekundu au kigumu palepale kanula ilipoingia

Kidoti kidogo kama kipele, hakikui, kinaisha siku moja au mbili baada ya kutoa seti, hicho ni cha kawaida. Kuna kitu kigeni kimekaa ndani ya nyama siku tatu, alafu insulini yenyewe imewekewa vihifadhi, fenoli na kresoli, ambavyo vinaikera nyama kidogo. Ila kama kila seti inaacha uvimbe wa maana, tafuta moja ya haya.

Dozi inachoma kila ikiingia: kanula huenda imekaa juujuu mno, au pale ni pa zamani pamechoka. Badilisha sehemu. Kama inachoma kwenye dozi kubwa tu, pampu nyingi zina namna ya kupunguza kasi ya dozi, jaribu hiyo.

Inauma akitembea au akikunja mguu, na ukitoa kuna damu: umegonga msuli, au umeweka mahali pa mkunjo wa nguo. Watoto wembamba hawana mafuta mengi tumboni, kwao makalio kwa juu mara nyingi ndo pazuri kuliko tumbo, au seti ya kulala pembe badala ya ile inayoingia wima.

Kanula inatoka imepinda kila mara: hapo fikiria seti ya sindano ya chuma, haipindi, na wale ambao mwili wao unakataa ile plastiki laini ya kanula wanapata nafuu. Lakini hizo zinabadilishwa mapema zaidi, siku mbili kwa kawaida, na mtu mwenye mzio wa nikeli, wale ambao hereni za bei rahisi zinawaoza masikio, awe mwangalifu nazo.

Pana joto, panauma, panaongezeka, au pana usaha

Hapa ndo maambukizi, na mara nyingi mhusika ni stafilokokasi, bakteria ambaye watu wengi tunaishi naye kwenye ngozi na puani bila kujua, mpaka apate tundu la kuingilia.

Jambo ambalo maelezo yanayokuja na pampu mara nyingi hayasemi: kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone. Maelezo mengi yameandikwa "angalia wekundu", na mzazi anaangalia, haoni, anatulia. Kwetu panaweza kuonekana zambarau, au peusi kuliko pembeni, au pameng'aa kwa sababu ngozi imevutika, na kwa wengine rangi haibadiliki kabisa siku ya kwanza. Tumia mkono. Weka mgongo wa vidole pale, kisha uweke upande wa pili wa mwili mahali pale pale, linganisha joto. Bonyeza kidogo, pana ugumu? Anaruka kwa maumivu? Maumivu na joto na ugumu ndo vya kuamini, rangi iwe ya mwisho.

Ukishashuku, hatua zake zinafuatana hivi. Nawa mikono. Weka seti mpya kwanza, sehemu ya mbali, upande wa pili wa mwili ikiwezekana, ukiwa bado hujagusa pale pachafu, alafu ndo utoe ile ya zamani, unawe tena. Ukianza na ya zamani unaweza kubeba usaha kwa vidole mpaka kwenye tundu jipya. (Kama ketoni ziko juu sindano inatangulia yote hayo, nimeshasema.) Kisha chukua kalamu ya wino chora kingo za uvimbe na uandike saa. Usiache hatua hii, kwa sababu usiku kila kitu kinaonekana kimekua, na asubuhi daktari atakuuliza "umeongezeka?" na utakuwa na jibu.

Kama ni padogo, hakuna homa, hakuna usaha unaotoka: osha kwa sabuni na maji, weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu dakika kumi mpaka kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku, kisha ukaushe na ufunike kwa chachi. Usikamue. Narudia, usikamue, hata kama kichwa cheupe kinaonekana, na bibi akitaka kukamua mwambie kwa heshima kwamba daktari amekataza. Kukamua kunausukuma uchafu ndani zaidi.

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama uvimbe umevuka mstari wako, kama kuna homa, kama kuna mstari unapanda kutoka pale kuelekea kwapani au kinenani, kama kuna bonge laini linalochezacheza ndani, au kama baada ya siku moja ya maji ya uvuguvugu hakuna nafuu. Jipu lililokomaa dawa za kumeza peke yake mara nyingi haziliponyi, linahitaji kupasuliwa na mtu wa afya na usaha utoke. Na ukiwa pale omba usaha upelekwe maabara kuoteshwa, hasa kama si mara ya kwanza, maana wapo stafilokokasi sugu wasiosikia dawa za kawaida.

Sasa kuhusu duka la dawa. Tunaelewa sote ilivyo, unaeleza shida dirishani unapewa amoksilini, unameza siku mbili, pakitulia unaacha vidonge vingine kwa ajili ya siku nyingine. Stafilokokasi wengi wanaivunja amoksilini ikiwa peke yake, kwahiyo unaweza kuwa umemeza bure kabisa huku ugonjwa unapata muda. Dawa achague daktari, na ukipewa maliza dozi yote. Kitu kingine ninachokiogopa zaidi ni zile krimu za mseto, tyubu moja ina steroidi, antibiotiki na dawa ya fangasi kwa pamoja, zinapendwa kwa sababu muwasho unakata haraka. Steroidi juu ya jipu au juu ya fangasi inaizima ile hasira ya ngozi, unaona pametulia, kumbe vijidudu vimepewa nafasi.

Siku zote hizo za maambukizi sukari itakuwa inapanda, mwili unahitaji insulini zaidi, kwahiyo pima mara nyingi zaidi na usishangae dozi za kawaida kutotosha. Zikishapungua nguvu zile dalili sukari inaweza kushuka kwa ghafla, hapo pia kaa macho hasa usiku.

Maambukizi yanarudi kila baada ya muda

Hapa naomba tuongee ukweli bila kulaumiana. Seti ni ghali, wengi tunaletewa na ndugu walioko nje, kila boksi linahesabiwa, na kwa sababu hiyo seti ya siku tatu inavaliwa siku tano, sita, wiki. Seti nyingi zimepimwa kwa siku mbili mpaka tatu. Ipo ya Medtronic iliyotengenezwa kukaa mpaka siku saba, lakini ile imetengenezwa hivyo, huwezi kuichukua ya kawaida ukaipa kazi hiyo. Kadri kanula inavyokaa ndivyo nyama inavyovimba, insulini inavyonyonywa vibaya, na bakteria wanavyopata njia. Mimi msimamo wangu, na nimeuongea na daktari wa mwanangu, ni kwamba seti zikiwa chache ni heri mtoto apumzike pampu siku kadhaa arudi kwenye sindano, kuliko kunyoosha seti. Lakini hilo halifanywi kwa kubahatisha, lazima mwe na insulini ya muda mrefu kwenye friji na karatasi ya daktari inayosema ni yuniti ngapi na inachomwa lini kabla pampu haijatolewa. Iombeni hiyo karatasi kwenye kliniki ijayo hata kama seti mnazo tele.

Na hizo za kuletewa kwenye sanduku, kagua kila pakiti. Iliyotoboka, iliyofunguka pembeni, au iliyolowa haiko salama tena, hata kama inauma kuitupa. Angalia na tarehe.

Kingine ni pamba ya spiriti. Ile tabia ya kuloweka pamba nyingi kwenye kopo la spiriti na kuchomoa moja moja kwa vidole siku nzima, Shirika la Afya Duniani linaikataza hata hospitalini, kwa sababu kopo lenyewe linachafuka. Chukua pamba kavu safi, mimina spiriti wakati huohuo, futa, acha ikauke kabisa yenyewe. Usiipulize kwa mdomo ili ikauke haraka, zima na feni ile dakika moja, na usirudi kupapasa kwa kidole kuona kama pamekauka. Spiriti ikifungiwa mbichi chini ya plasta inachoma ngozi na gundi haishiki. Kama ngozi inaikataa spiriti, sabuni na maji safi na kitambaa kikavu kilichofuliwa vinatosha, ila kisiwe taulo la familia nzima wala ncha ya kanga uliyoishinda nayo jikoni.

Ukifanya haya yote na bado yanarudi, mwombe daktari aangalie kama mtoto au mtu mwingine nyumbani amebeba stafilokokasi puani. Kuna utaratibu wa kupaka mafuta ya mupirosini (antibiotiki) ndani ya pua na kuogea sabuni ya klorheksidini (ya kuua vijidudu) kwa siku chache, watu wote wa nyumba kwa pamoja, na kufua mashuka na taulo kipindi hichohicho. Angalieni na kucha, mtoto anayejikuna na kuchokonoa pua anajihamishia mwenyewe. Na kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kikiwa juu sana majipu hayatakoma, kwahiyo nacho kifanywe.

Hapaumi, hapawashi, ila pana bonge na sukari haieleweki

Hilo ni bonge la mafuta linalotokea ukichoma au kuweka kanula mahali palepale kwa muda mrefu. Watoto wanapapenda kwa sababu hapaumi, ndo maana wanataka pale pale. Insulini ikiingia humo inanyonywa inavyotaka yenyewe, leo inachelewa, kesho inakuja yote. Bonge hili unalijua zaidi kwa vidole kuliko kwa macho, mlaze, paka lotion kidogo, pitisha vidole taratibu, utasikia pamekuwa pazito kama mpira. Pachoree, usiweke kitu pale kwa miezi. Na ukihamia kwenye ngozi mpya usikimbilie kuongeza dozi, maana sasa insulini inafika yote, sukari inaweza kushuka vibaya siku za mwanzo.

Ratiba ya kuzunguka si lazima iwe ngumu. Tumbo vidole vitatu mbali na kitovu, makalio, mapaja kwa nje, nyuma ya mkono kama kuna nyama, na kila seti mpya iwe angalau sentimita mbili tatu kutoka ilipokuwa ya mwisho. Sisi tumechora mwili kwenye karatasi ukutani, anaweka alama na tarehe mwenyewe, anapenda.

Upele wa duara wenye magamba kwenye kingo

Ukiona kingo zimeinuka, katikati panapona, au wekundu mbichi wenye vidoa vingine vidogo vimeuzunguka, hasa kwenye mkunjo wa tumbo au kiunoni ambako jasho linakaa, hiyo fikiria fangasi. Hapa haidrokotisoni (krimu ya steroidi) inaweza kuufanya usambae. Dawa ya fangasi peke yake, kama klotrimazoli, na eneo lipumzike wiki kadhaa, hata baada ya kuonekana pamepona.

Mabaka meusi na makovu

Mabaka yanabaki kwenye ngozi zetu miezi mingi baada ya uvimbe kuisha, na mabinti wakikua yanawaumiza kweli, tusiwadharau. Yanafifia yenyewe polepole mradi eneo lisirudiwe. Krimu za kung'arisha zisiguse, nyingi zina steroidi kali au zebaki. Kama kovu linainuka na kuzidi ukubwa wa tundu lenyewe, au familia yenu ina historia ya makovu ya namna hiyo, basi kifua na mabega msiyatumie kwa kifaa chochote, na lililokwishaanza lionwe na daktari wa ngozi mapema likiwa bado dogo.

Ukienda kwa daktari, nenda na picha ulizopiga mchana kwenye mwanga wa dirisha, moja kila siku, zikiwa na sarafu pembeni ili ukubwa ueleweke, na pakiti ya seti yenyewe iliyoandikwa aina na urefu wa kanula, na orodha ya kila ulichopaka hata kama ni mafuta ya nazi. Na seti moja mpya kwenye pochi, pamoja na peni, kwa sababu foleni ni ndefu na akiitoa ile ya mwilini aangalie vizuri, mtoto asikae bila insulini mkiwa bado mnasubiri dawa dirishani.